Simu iliingiaje kwenye redio ya gari? Kutoka Chicago 1930 hadi stendi ya Bariadi

Leo tusafiri kidogo, kutoka Bariadi mjini hadi Lamadi, zaidi kidogo ya kilomita 70 za lami. Umekaa kiti cha nyuma cha Probox, mmebanana wanne, na mfuko wa mtu usiyemjua uko mapajani mwako. Dereva kachomeka flashi, unapigwa wimbo wa Kisukuma, ule wa ngoma za baada ya mavuno, na spika za milangoni zinatetemeka. Mmeshaipita Dutwa. Ghafla wimbo unakatika, mlio wa simu unatoka kwenye spika zote. Dereva anabonyeza kitufe kwenye redio, anarudisha mkono kwenye usukani, na sauti ya mwanamke inajaa gari zima: "Baba Kulwa, hela ya ada umetuma au bado?"

Gari lote kimya. Mama aliyekaa mbele anaangalia dirishani kama vile hajasikia kitu. Dereva anajibu, "Nipo na abiria, mama Kulwa, ntakupigia." Lakini mama Kulwa hajamaliza. Na wakati huo huo, mbele kidogo, mtoto mchungaji anavusha ng'ombe barabara.

Ng'ombe walivuka salama siku hiyo. Dereva alishika breki kwa nguvu, tukasukumwa mbele wote, kisha safari ikaendelea na wimbo ukarudi pale ulipoishia. Nilikuwa mmoja wa wale wanne wa kiti cha nyuma, na niliporudi chuoni nilibaki na maswali mawili. La kwanza ni la historia: simu iliingiaje kwenye redio ya gari, gari ambalo lenyewe lilitengenezwa Japani kwa ajili ya Wajapani? La pili ni la usalama: kama mikono ya dereva ilikuwa kwenye usukani na macho yake yalikuwa mbele, kwa nini alichelewa kuwaona ng'ombe ambao sisi wa nyuma tulishawaona?

Jibu langu kwa kifupi ni hili. Karibu kila kitu kipya kilichoingia kwenye redio ya gari kiliingia kwa kujifanya kitu cha zamani. Kaseti ilipokuwa mwenyeji, vifaa vipya vya muziki vilijifanya kaseti. FM ilipokuwa mwenyeji, flashi ilijifanya kituo cha redio. Simu nayo imeingia kana kwamba ni redio tu. Ujanja huo umetusaidia sana sisi tunaonunua magari ya mtumba. Ila safari hii ya mwisho umetudanganya na sisi wenyewe. Twende taratibu.

Jina lililozaliwa ndani ya gari

Mwaka 1930 huko Chicago kulikuwa na kampuni ndogo iliyoitwa Galvin Manufacturing Corporation, ya Paul Galvin. Wakati huo redio za sebuleni zilishaenea Marekani, lakini kuiweka redio kwenye gari ilikuwa kazi pevu. Redio za zamani hizo hazikuwa na transista. Zilitumia vali, vichupa vya kioo vinavyofanana na balbu, na vali zilihitaji volti zaidi ya mia moja wakati betri ya gari ilikuwa na volti 6 tu. Kwa hiyo gari lililazimika kubeba betri za ziada kwa ajili ya redio peke yake. Halafu kulikuwa na kelele. Kila plagi ya injini inaporusha cheche, inarusha pia mawimbi ya redio, na mawimbi hayo yanaingia kwenye antena kama mkwaruzo. Hata leo ukifungulia AM kwenye gari la zamani ukasikia inanguruma kwa kufuata mguu wako kwenye mafuta, jua kwamba tatizo hilo lina umri mkubwa kuliko babu yako.

Galvin na mafundi wake waliyapunguza matatizo hayo hadi redio ikasikika. Mwezi Juni 1930 kulikuwa na mkutano wa watengeneza redio huko Atlantic City. Galvin hakuwa na meza ndani ya ukumbi, basi akaegesha gari lake nje, akafungulia redio kwa sauti, na wapita njia wakasimama kusikiliza. Kama umewahi kuona muuza spika pale sokoni anavyoita wateja, mbinu ni ile ile. Redio hiyo iliuzwa kwa dola 110 hadi 130, na akaipa jina la kuunganisha gari na sauti: Motorola. Baadaye kampuni nzima ikachukua jina hilo.

Baada ya hapo mambo yalirahisika. Transista ilivumbuliwa mwaka 1947 katika maabara za Bell, na mwaka 1955 Chrysler na Philco wakatangaza redio ya gari yenye transista tupu, isiyohitaji volti nyingi wala kusubiri vali zipate moto.

Sasa angalia jambo la kuchekesha. Simu ya mkononi unayoijua ilianzia garini pia. Mwezi Juni 1946, mjini St. Louis, kampuni za Bell zilianza huduma ya simu za kwenye magari. Mitambo yake ilikuwa na uzito wa kilo 36 hivi, ikikaa kwenye buti, na kila simu ilipitia kwa opereta. Ilichukua miaka 27 simu kushuka kwenye gari: tarehe 3 Aprili 1973 Martin Cooper alisimama mtaani New York na kupiga simu kwa kifaa cha kushika mkononi chenye uzito wa zaidi ya kilo moja. Cooper alikuwa mfanyakazi wa nani? Wa Motorola. Kampuni iliyoingiza redio kwenye gari ndiyo iliyoitoa simu kwenye gari. Kwa hiyo simu inapoita kwenye spika za Probox karibu na Dutwa, imerudi nyumbani baada ya kuzunguka dunia.

Wimbi linalofuata ardhi

Tuje kwetu. Kwa miaka mingi baada ya uhuru, kufungulia redio Tanzania Bara ilimaanisha kumsikiliza mtangazaji mmoja, Radio Tanzania Dar es Salaam. Sheria ya Huduma za Utangazaji ya mwaka 1993 ilifungua mlango kwa watu binafsi, na Kanda ya Ziwa ikapata Radio Free Africa kutoka Mwanza, iliyosikika kwenye masafa ya kati, AM, kilohezi 1377.

Namba hiyo ina maana yake. Wimbi la kilohezi 1377 lina urefu wa mita kama 218. Mawimbi marefu hivyo hufuata uso wa ardhi, hupinda na vilima, na usiku hufika mbali zaidi kwa sababu tabaka la juu la anga linayarudisha chini. Wimbi la FM lina urefu wa mita 3 hivi, na husafiri karibu mstari ulionyooka. Ukiwa nyuma ya kilima, au ukiwa mbali na mnara, limekwisha. Ndiyo maana kabla minara ya FM haijasogea karibu, mtu wa Meatu vijijini aliweza kusikiliza habari kutoka Mwanza kwa AM bila shida.

Na hapa magari ya Japani hayakutusumbua hata kidogo. Vituo vya AM Japani hupangwa kwa hatua za kilohezi 9, na vyetu hivyo hivyo. Redio ya Kijapani ikihesabu kwa hatua zake inatua juu ya 1377 bila kukosea. Redio ya Kimarekani huhesabu kwa hatua za 10, ingeruka kutoka 1370 kwenda 1380 na kukiacha kituo katikati. Kwa hiyo kwenye AM gari la Japani lilikuwa mwenyeji kabisa. Balaa lilianza FM iliposhika kasi.

Gari lenye masikio ya Japani

Tunanunua magari ya Japani kwa sababu nzuri: Wajapani huendesha upande wa kushoto kama sisi, kwa hiyo usukani uko kulia. Lakini gari huja na sheria za nchi lilikozaliwa. FM ya Japani ilipangiwa megahezi 76 hadi 90. Kwa nini waliishia 90? Kwa sababu kuanzia 90 hadi 108 waliwapa chaneli 1, 2 na 3 za televisheni. Nchi nyingi nyingine, Tanzania ikiwemo, zinatumia 87.5 hadi 108 kwa FM.

Sasa piga hesabu. Redio inasikia 76 hadi 90, vituo vyetu viko 87.5 hadi 108. Vinavyokutana ni kuanzia 87.5 hadi 90 tu, kipande cha megahezi 2.5. Umenunua gari zuri, umelilipia ushuru, umelifikisha Bariadi, halafu unazungusha redio unapata kituo kimoja au viwili, vingine vyote ni mkwaruzo. Wengi walidhani redio ni mbovu. Redio ilikuwa nzima kabisa, ila ilikuwa inasikiliza Tokyo.

Televisheni ya analojia Japani ilizimwa Julai 2011, isipokuwa mikoa mitatu iliyokuwa imepigwa na tetemeko, ambayo iliongezewa muda hadi Machi 2012. Baadaye kipande cha 90 hadi 95 kikapewa redio. Kwa hiyo magari mapya zaidi husikia mbele kidogo. Lakini magari mengi tunayopanda ni ya kabla ya hapo.

Dawa yake unaijua kama una gari: kile kiboksi kidogo ambacho fundi anakifunga kati ya waya wa antena na redio, wanachokiita ekspanda. Ndani yake kuna wazo la Edwin Armstrong la mwaka 1918, Armstrong huyo huyo aliyekuja kuvumbua FM katika miaka ya 1930. Ukichanganya mawimbi mawili kwenye saketi inayofaa, unapata wimbi jipya lenye masafa sawa na tofauti yao. Tuseme ekspanda yako inatoa megahezi 14. Kituo kinachojitangaza 101.5 kinaingia, kinachanganywa na 14, kinatoka 87.5, na redio ya Kijapani inakipokea kama jirani yake. Ekspanda kazi yake ni ya mkalimani.

Ukalimani huo una gharama mbili. Kwanza, ekspanda ya 14 inashusha vituo vya 90 hadi 104 tu. Aliyeko 106 anashuka hadi 92, nje ya masikio ya redio. Pili, dereva anaishi na namba mbili kichwani: mtangazaji anasema moja, kioo cha redio kinaandika nyingine. Madereva wetu wamekuwa wakitoa namba hizo kichwani kila siku, na hakuna aliyewapa cheti cha hisabati.

Kaseti isiyo na utepe

Muziki wa kuchagua mwenyewe ulienea kwa kaseti. Philips waliionyesha Berlin mwaka 1963, kazi ya kikundi cha Lou Ottens kilichokuwa Hasselt, Ubelgiji, na mwaka 1968 wakaleta redio-kaseti ya gari. Dereva wa kawaida aliweza kuchagua wimbo bila kumsubiri mtangazaji, na abiria wakaanza kuchagua gari kwa muziki wake. Usibishe, hata wewe umeshafanya hivyo.

Zikafuata diski. Pioneer walileta CD ya gari mwaka 1984, na Sony walileta MD mwaka 1992. Pengine umewahi kuona gari la Japani lenye tundu lenye herufi MD, na hujawahi kuona diski yake hata siku moja. Japani zilipendwa, huku kwetu tundu lilifika peke yake.

Sasa fikiria mtu mwenye kicheza muziki cha mfukoni na gari la kaseti. Afanyeje? Kulikuwa na kaseti ya uongo, ganda la kaseti lisilo na utepe, lenye waya unaochomoza nje. Ndani yake kuna kichwa kidogo cha sumaku kinachogusana na kichwa cha kusomea cha redio. Muziki unapita kama mabadiliko ya usumaku, na redio inaamini kwamba utepe unapita mbele yake. Hapo ndipo ujanja wetu unapoonekana wazi: kifaa kipya hakibomoi nyumba, kinabisha hodi kwa jina la mwenyeji.

Njia ya kubomoa nyumba ipo pia, yaani kung'oa redio yote na kuweka nyingine. Inawezekana kwa sababu tundu la redio lina kipimo kilichokubaliwa: milimita 180 kwa 50, kipimo cha Wajerumani kilichokuja kuwa cha dunia, au 180 kwa 100 kwa zile za vioo vikubwa. Ila Toyota wengi wana tundu la upana wa milimita 200. Vile vipande vyeusi vya plastiki ambavyo fundi anavichomeka pembeni ya redio mpya vinaziba milimita 10 kila upande.

Kituo cha redio chenye ukubwa wa kidole

Kilichobadilisha muziki wa magari ni hesabu ya ukubwa. Sauti ya CD inakula biti 1,411,200 kwa sekunde. Wahandisi wa Fraunhofer nchini Ujerumani, Karlheinz Brandenburg akiwa miongoni mwao, walitumia udhaifu wa sikio letu: sauti kubwa huficha sauti ndogo iliyo jirani nayo, basi kile ambacho sikio halingekisikia kinaweza kutupwa. Mwaka 1995 mafaili yao yalipata mkia wa jina tunaoujua sote, mp3. Kwa biti 128,000 kwa sekunde, wimbo wa dakika nne unakuwa megabaiti 4 hivi. Flashi ya gigabaiti 4 inabeba kama nyimbo elfu moja. Kaseti ya saa moja ilibeba kumi na tano.

Ndipo vikazaliwa vibanda vya kujaza nyimbo. Unampa kijana flashi au memori kadi, unamwambia unataka nini, unalipa, unaondoka. Nyimbo za Bagika na Bagalu, ambazo zamani ulizisikia kwa kwenda uwanjani kwenye ngoma, zikawa zinasafiri mfukoni kutoka Maswa hadi Lamadi.

Lakini flashi itaingilia wapi kwenye redio isiyo na tundu la USB? Jibu ni kile kifaa kinachochomekwa kwenye tundu la kuwashia sigara. Kina mnara wa FM ndani yake, mnara dhaifu wa mita chache tu. Kinasoma flashi na kuirusha hewani, na redio ya gari inakipokea kama kituo. Una kituo chako cha redio, na wasikilizaji wako wote wako ndani ya gari.

Na hapa masikio ya Japani yanarudi. Kifaa hicho hurusha kati ya 87.5 na 108. Redio inasikia hadi 90. Kama huna ekspanda, huna ruhusa ya kutoka nje ya kile kipande cha 87.5 hadi 90. Ukikiweka 98 utazunguka hadi uchoke. Ndiyo maana madereva wengi hukiacha kwenye 88 na kitu. Tatizo lingine ni kwamba FM haipendi kugawana: vituo viwili vikiwa kwenye masafa yale yale, redio hushika kilicho na nguvu zaidi na kukitupa kingine. Uko porini, muziki wako safi. Unaukaribia mji wenye mnara kwenye masafa yale yale, na katikati ya ngoma anaingia mhubiri au mtangazaji wa mpira. Redio haijaharibika. Umekutana na mwenye mnara mkubwa, basi hamisha namba.

Gari linalojifanya modemu ya 1981

Sasa tumefika kwa simu. Tanzania ilipata mtandao wa kwanza wa simu za mkononi mwaka 1994. Mwaka huo huo, Ericsson nchini Sweden walianza kutafuta namna ya kuondoa nyaya kati ya simu na vifaa vyake, na Jaap Haartsen, mhandisi Mdachi, akapewa kazi. Mwaka 1998 Ericsson, Nokia, IBM, Intel na Toshiba waliungana, na wakaipa teknolojia hiyo jina la mfalme wa Denmark wa karne ya 10, Harald Blåtand, kwa Kiingereza Bluetooth. Toleo la kwanza lilitoka 1999.

Bluetooth hutumia mawimbi ya gigahezi 2.4, mahali penye msongamano wa kila aina. Ili isigongane na wengine, huruka kati ya njia 79, mara 1,600 kwa sekunde, na simu na redio zinaruka pamoja kwa mpangilio mmoja. Wazo la kurukaruka lina ndugu wa zamani: mwaka 1942 mwigizaji Hedy Lamarr na mwanamuziki George Antheil walipata hataza ya kuongoza topido kwa masafa 88 yanayobadilika, idadi sawa na vibao vya piano.

Kwenye gari Bluetooth inafanya kazi mbili tofauti, na tofauti hiyo unaisikia mwenyewe. Muziki huenda upande mmoja tu, kutoka simu kwenda redio. Hakuna haraka, redio inaweza kujiwekea akiba kidogo na kucheza kwa kuchelewa, kwa hiyo sauti inakuja pana. Maongezi yanakwenda na kurudi, na hayawezi kuchelewa, la sivyo mtagongana maneno. Kwa hiyo mfumo wa awali wa maongezi huchukua vipimo 8,000 tu vya sauti kwa sekunde, ukilinganisha na 44,100 vya CD. Ndiyo maana wimbo ulikuwa mtamu, halafu mama Kulwa akasikika kama anaongea ndani ya ndoo.

Na ukibonyeza kile kitufe cha kijani, unajua gari linaiambia nini simu? Linaandika herufi tatu: ATA. Hiyo ni amri ya kupokea, kutoka lugha ya amri ambayo Hayes waliitengenezea modemu yao ya kompyuta mwaka 1981. Waliobuni mfumo wa simu za garini waliikuta, ikawafaa, wakaichukua. Probox ya mwaka 2005 yenye redio mpya ya kioo kikubwa inaongea na simu yako kama kompyuta ya zaidi ya miaka arobaini iliyopita. Mgeni, kwa mara nyingine, ameingia kwa jina la mwenyeji.

Mikono iko huru, kichwa je?

Sasa turudi kwa ng'ombe. Kwa nini dereva hakuwaona mapema?

Mwaka 1997 Donald Redelmeier na Robert Tibshirani walichapisha utafiti wa Toronto, Kanada. Walichukua madereva 699 wenye simu waliopata ajali, wakalinganisha muda wa simu zao na muda wa ajali. Hatari ya kugonga wakati wa maongezi ilikuwa kama mara nne ya kawaida. Na simu za kuongea bila kushika hazikuonyesha usalama zaidi ya zile za kushika. David Strayer na wenzake wa Utah wakaja kuonyesha, kwa mitambo ya kuigiza udereva, kwamba dereva anayeongea na simu anaweza kuelekeza macho kwenye kitu na bado ubongo wake usikisajili. Macho yapo barabarani, akili ipo kwenye ada.

Utasema: mbona tunapiga stori na dereva kila siku? Swali zuri, na watafiti hao hao walilipima mwaka 2008. Maongezi na abiria hayakumharibu dereva kama maongezi ya simu, kwa sababu abiria anaiona barabara. Ng'ombe wakitokea, abiria ananyamaza, au anasema "Angalia ng'ombe!" Anakuwa jozi ya pili ya macho. Mama Kulwa yuko nyumbani, haoni ng'ombe, haoni kona. Anasubiri jibu.

Hapo ndipo tulipodanganyika. Simu imeingia kwa mlango wa redio, inatoka kwenye spika zile zile na kubonyezwa kwenye kitufe kile kile, basi tunaichukulia kama redio. Lakini redio haijawahi kusubiri jibu. Kaseti haijawahi kuuliza hela iko wapi. Mtangazaji wa Mwanza aliongea na dereva kwa miaka mingi, na dereva alikuwa huru kutomsikiliza wakati wowote. Kwa simu huna uhuru huo. Kwa spidi ya kilomita 80 kwa saa gari linakula mita 22 kila sekunde. Sekunde mbili za kutafuta jibu la kumridhisha mtu ni mita 44, na kundi la ng'ombe halihitaji nafasi kubwa hivyo kukatisha lami.

Sisemi madereva waache simu. Dereva wa magari haya madogo hana konda, yeye ndiye ofisi: abiria wa Ngasamo anauliza gari liko wapi, mwenye gari anauliza hesabu, nyumbani wanauliza ada. Simu ni sehemu ya kazi, na kupokea kwa kitufe ni bora kuliko kuinamia simu iliyoangukia miguuni. Ila kitufe kinaokoa mkono tu.

Kwa hiyo ukifunga redio mpya, mwambie fundi mambo matatu. Maiki iwekwe karibu na mdomo wako na mbali na spika, la sivyo unayeongea naye atasikia mwangwi wake mwenyewe, mtarudiarudia maneno na maongezi yatakuwa marefu. Waya wa njano wa redio, unaotunza kumbukumbu, uende moja kwa moja kwenye betri, na mwekundu upitie kwenye swichi ya ufunguo. Zikiunganishwa pamoja kwenye betri, redio inaweza kuinyonya usiku kucha. Na la tatu: zima ile sehemu ya redio inayopokea simu yenyewe bila wewe kubonyeza. Simu ikiita, acha iite mpaka upate pa kusimama.

Na wewe abiria, usijifanye unaangalia dirishani. Sema tu, "Kaka, weka pembeni uongee, tutakusubiri." Siku ile hakuna aliyesema, mimi nikiwemo.